Klabu ya Vitabu na Shughuli za Usomaji Maktabani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali ambayo wakutubi wa shule, walimu walezi na wanafunzi huyarudia kila muhula unapoanza. Kila jibu linajitegemea. Jambo lililokwisha kuelezwa kwingine limetajiwa namba ya swali lake.

## Kabla ya kuanza

1. Klabu ya vitabu ina tofauti gani na kipindi cha fasihi?

Katika kipindi, mwalimu anajua jibu kabla ya kuuliza, na mbele kuna mtihani. Klabuni hakuna alama, hakuna muhtasari wa sura wa kuandika, na anayeuliza huwa hajui mwenzake atajibu nini. Mwanachama ana haki ya kusema kitabu kimemchosha, mradi aonyeshe ni wapi kilipomchosha.

Tofauti hiyo ikipotea, wanafunzi huikimbia klabu kama wanavyokimbia masomo ya ziada. Dalili ya kwanza huonekana kwenye viti: mlezi amesimama mbele, wanachama wamekaa kwa mistari. Panga duara, na mlezi naye akae humo.

2. Wanachama wangapi wanatosha?

Kati ya 8 na 12. Wakiwa watano, wawili wakiugua hakuna mkutano. Wakiwa 15, dakika 30 za mjadala zinampa kila mmoja dakika 2 tu, na kwa kawaida watatu wenye midomo myepesi huzimaliza zote.

Wakijitokeza 30, usimrudishe mtu. Gawa vikundi vitatu, kila kimoja na kitabu chake, kisha vibadilishane vitabu baada ya mwezi. Mpango huu unapunguza pia uhaba wa nakala (swali la 8). Epuka kuchanganya katika duara moja wanafunzi waliopishana zaidi ya madarasa mawili au matatu, kwa sababu wadogo watakaa kimya hata kama wamesoma vizuri kuliko wakubwa.

3. Tunahitaji nini kabla ya mkutano wa kwanza?

Vitu vinne: nakala za kitabu cha kwanza, daftari la kuazima, muda kwenye ratiba ambao haugongani na michezo, na mwanafunzi mmoja wa kuwa katibu. Katiba, nembo, fulana na uongozi wa watu saba vinaweza kusubiri. Kuna klabu zilizotumia muhula mzima kuandika katiba bila kusoma ukurasa hata mmoja.

4. Tukutane mara ngapi?

Kila baada ya wiki mbili, siku ileile na saa ileile. Kila wiki ni mbio kwa wasomaji wa polepole. Mara moja kwa mwezi ni mbali mno: walioanza mapema wamesahau, na waliochelewa wameanza juzi. Kwa wanafunzi wa madarasa ya chini, ambao husomewa au husoma hadithi fupi papo hapo, kila wiki kwa dakika 30 inafaa.

## Kuchagua na kupata vitabu

5. Nani achague kitabu?

Mkutubi achuje, wanachama wachague. Mkutubi alete vitabu vitatu au vinne ambavyo nakala zake zinapatikana na ambavyo ameshavisoma, aeleze kila kimoja kwa dakika mbili na kusoma kwa sauti ukurasa wa kwanza, kisha kura zipigwe kwa karatasi. Kura za kunyoosha mkono hufuata alikoelekea mwenye marafiki wengi.

Usilete kitabu ambacho hujakisoma hadi mwisho. Mambo yanayozua malalamiko ya wazazi (swali la 24) huwa hayako kwenye jalada.

6. Nitajuaje kama kitabu kinamfaa msomaji fulani?

Tumia vidole vitano. Mwanafunzi afungue ukurasa wa katikati wenye maneno kama 100, asome, na akunje kidole kimoja kwa kila neno asilolijua. Kidole kimoja au kutokunja kabisa: kitabu ni chepesi. Viwili au vitatu: kinamfaa. Vinne: atahitaji msaada. Vitano: asubiri kidogo au asome na mwenzake (swali la 16).

Kipimo hiki ni cha haraka tu. Mtoto anayependa sana magari atapenya kitabu kigumu cha magari huku akishindwa na hadithi nyepesi isiyomgusa. Ukurasa wa kwanza usitumike kupimia, kwa kuwa waandishi wengi huufanya mwepesi kuliko zinazofuata.

7. Tugawe kurasa ngapi kwa wiki?

Piga hesabu kwa mwendo wa msomaji wa polepole kikundini. Mpe ukurasa mmoja asome kimya, na uangalie saa. Tuseme ukurasa una maneno 250 naye anasoma maneno 100 kwa dakika: ukurasa unachukua dakika 2 na nusu. Akisoma dakika 15 kwa siku, siku 5 kwa wiki, anapata dakika 75, yaani kurasa 30. Kitabu cha kurasa 120 kitamchukua wiki 4, sawa na mikutano miwili.

Kosa la kawaida ni mlezi kupima kwa mwendo wake mwenyewe. Atagawa kurasa 60 kwa wiki, nusu ya wanachama watakuja bila kumaliza, na kufikia mkutano wa tatu watakuwa wameacha kuja. Sehemu iishie mwisho wa sura, hata kama kurasa zinapungua kidogo.

8. Nakala ni chache kuliko wanachama. Tufanyeje?

Hapa ndipo klabu nyingi hufia, na lawama huenda kwa watoto kwamba hawapendi kusoma. Njia zinazofanya kazi ni nne.

Ya kwanza ni zamu. Wanachama 10 wenye nakala 5 wagawanywe wawili wawili: mmoja achukue kitabu Jumatatu asubuhi na kukirudisha Alhamisi asubuhi, mwenzake akae nacho Alhamisi hadi Jumatatu. Kwa sehemu inayofuata wabadilishane zamu, maana mwenye wikendi ana muda zaidi. Makabidhiano yapitie meza ya maktaba. Wakipeana mkononi, mmoja akikosa kufika shule siku moja mwenzake anapoteza zamu yote. Aliyesoma kwanza ataanza kusahau kabla ya mkutano, hivyo kabla ya kurudisha aandike mistari mitatu kwenye kikaratasi: kilichomshangaza, ambacho hakukielewa, na anachodhani kitatokea.

Ya pili ni mada moja, vitabu tofauti. Kila mmoja asome kitabu chochote kuhusu safari, kwa mfano, au kuhusu udugu. Mjadala unakuwa wa kulinganisha, na nakala moja ya kila kitabu inatosha. Udhaifu wake ni kwamba hakuna anayeweza kumbishia mwenzake kwa ushahidi wa kitabuni.

Ya tatu ni hadithi fupi au mashairi, yasomwe kwa sauti mkutanoni na kujadiliwa palepale. Nakala moja au mbili zinatosha. Kwa klabu changa hii ndiyo njia salama zaidi, nasi tungependa ianzie hapo hata kama nakala zipo.

Ya nne ni kuomba shule jirani iazimishe seti yake kwa muda maalumu, kwa orodha iliyosainiwa pande zote mbili na yenye hali ya kila nakala.

Kukichana kitabu vipande ili wanne wasome kwa wakati mmoja si njia. Sura ya tatu itapotea.

9. Je, tunaweza kutoa fotokopi kitabu kizima?

Hapana, kama bado kina hakimiliki. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 na marekebisho yake unalinda kazi za fasihi kwa angalau maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimeongeza hadi miaka 70. Sheria nyingi huruhusu kunakili dondoo fupi kwa kufundishia, lakini kiasi hutofautiana, kwa hiyo soma sheria ya nchi yako kabla ya kuwasha mashine. Kazi ambazo muda wake umekwisha unaweza kuzinakili, ila angalia: tafsiri mpya ya kazi ya kale ina hakimiliki yake yenyewe.

10. Vitabu vya katuni vinahesabika?

Vinahesabika. Msomaji wa katuni hufuata mpangilio wa visanduku, huunganisha picha na maneno, na hujaza mwenyewe kilichotokea kati ya kisanduku na kisanduku. Mjadala wake una vitu ambavyo riwaya haina: kwa nini ukurasa huu hauna maneno? Kwa nini uso umechorwa karibu hivi?

## Mkutano wenyewe

11. Mkutano wa dakika 50 unaendaje?

Dakika 5 za kwanza ni za kuingia na kurudisha vitabu. Zinazofuata 5, mmoja asome kwa sauti kipande alichokichagua, nusu ukurasa hivi. Hili huwarudisha wote kitabuni, hata aliyesoma wiki iliyopita. Mjadala uchukue dakika 30. Mwishoni, dakika 10 za kupanga sehemu inayofuata, kuazima, na mtu mmoja kupendekeza kitabu kingine chochote alichokisoma.

Usianze kwa kuuliza nani amemaliza. Swali hilo huwagawa watu kabla ya mazungumzo.

12. Mjadala uongozwe kwa maswali gani?

Matatu au manne yanatosha kwa dakika 30. Swali zuri haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana, lina majibu zaidi ya moja, na linamlazimu mtu kurudi kwenye ukurasa. «Mhusika mkuu anaitwa nani?» limekufa likiwa mdomoni. «Ni wapi ulianza kumtilia shaka?» linafungua vitabu. Mengine yanayozaa mazungumzo: Nani kitabuni anajua jambo ambalo wengine hawalijui? Ungeondoa sura ipi, na nini kingeharibika? Msimuliaji anatuficha nini?

Swali la «tunajifunza nini kutokana na hadithi hii» liepukwe. Wanafunzi wana jibu lake tayari kabla ya kufungua kitabu, na wakishalitoa wanahisi kazi imekwisha.

13. Nikiuliza, wote wananyamaza. Kwa nini?

Mara nyingi ni kwa sababu hukungoja. Mtafiti Mary Budd Rowe, katika kazi zake za miaka ya 1970, alikuta walimu husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kurudia swali au kulijibu wenyewe. Walipozoea kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Hesabu kimyakimya hadi tano. Utaona ni muda mrefu kuliko ulivyodhani.

Kama kimya kinaendelea, wape dakika 2 waandike jibu, kisha wazungumze wawili wawili kabla ya kusema mbele ya duara. Aliyekwisha kumwambia mwenzake haogopi tena.

14. Mmoja anatawala mazungumzo yote. Tumzuieje bila kumvunja moyo?

Mpe kila mwanachama vihesabio vitatu, vifungo au vipande vya kadi. Ukizungumza unaweka kimoja katikati. Vikiisha, unasikiliza hadi kila mtu awe ametumia angalau kimoja. Mikutano miwili ya namna hiyo huwa inatosha. Pia mfanye katibu wa siku hiyo: anayeandika maneno ya wengine hulazimika kuyasikia.

15. Waliokuja bila kusoma wafukuzwe?

Wasifukuzwe. Waingie, ila wajue kwamba mwisho wa kitabu utatajwa mbele yao. Baada ya mkutano, muulize kila mmoja faragha sababu yake: hakupata zamu ya nakala, kitabu kilimshinda (swali la 6), nyumbani hapakuwa na mwanga au utulivu, au hakukipenda. Sababu tatu za kwanza ni kazi ya mlezi kuzitatua. Wakiwa zaidi ya nusu ya kikundi, tatizo ni mgawo wa kurasa (swali la 7).

## Shughuli nyingine

16. Kusoma wawili wawili kunafanywaje?

Mwanafunzi anayesoma vizuri na anayehitaji msaada wakae upande mmoja wa meza, kitabu kimoja katikati. Waanze kusoma pamoja kwa sauti, kwa mwendo wa yule wa polepole. Akijiona tayari, agonge meza. Mwenzake anyamaze, yeye aendelee peke yake. Akikwama au kukosea, mwenzake angoje kama sekunde 4, kisha alitaje neno, alirudie, na waendelee pamoja hadi atakapogonga tena. Dakika 15, mara tatu kwa wiki.

Msaidizi asimwambie «hilo ulilisoma jana», wala asimlazimishe kutamka silabi moja moja, hadithi itakatika. Anayesaidia awe amemzidi kidogo tu. Bingwa wa darasa huchoka haraka, na uchovu huo huonekana usoni.

17. Wanafunzi wakubwa wasomewe kwa sauti? Si mambo ya watoto?

Wasomewe. Sikio hupokea sentensi ngumu kuliko zile ambazo jicho la msomaji mchanga linaweza kuzifungua lenyewe. Msomaji ajiandae: asome kipande mara mbili nyumbani, aweke alama mahali pa kupumua, na akate kabla tukio halijaisha. Dakika 10 zinatosha. Baada ya kusoma, kiweke kitabu mezani na usiseme kitu. Mara nyingi kitaazimwa kabla ya kengele.

18. Muda wa kusoma kimya shule nzima unafaa kitu?

Unafaa ukitimiza masharti matatu: kila mtu ana kitabu mkononi kabla ya kengele, kitabu amekichagua mwenyewe, na watu wazima nao wanasoma. Mwalimu akisahihisha madaftari wakati huo, darasa zima linaelewa kwamba kusoma ni kazi ya kujaza muda. Dakika 15 hadi 20 kila siku ni bora kuliko saa nzima ya Ijumaa. Kila darasa liwe na kasha la vitabu 40 au 50 vinavyobadilishwa kila mwezi, ili dakika 10 zisipotee kwenye mlango wa maktaba.

19. Tuadhimishe siku zipi?

Mbili zinajulikana kote: tarehe 23 Aprili, Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1995, na tarehe 8 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Kisomo, inayoadhimishwa tangu 1967. Siku hizo zitumike kuandikisha wanachama wapya. Hotuba ziwe fupi, na meza ya kuazimia iwe wazi.

20. Tutoe zawadi kwa waliosoma vitabu vingi?

Kwa tahadhari. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio kuhusu watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora. Walioahidiwa cheti ili wachore walipungukiwa na hamu baadaye. Waliopewa bila kutarajia hawakupungukiwa. Usomaji nao una hatari hiyohiyo: ukihesabu vitabu, utapata vitabu vyembamba, vilivyoparuzwa harakaharaka.

Kama ni lazima zawadi iwepo, iwe kitabu, au nafasi ya kuchagua kitabu kijacho cha klabu, na isitangazwe mapema.

## Kuazima na kutunza

21. Daftari la kuazima liwe na nini?

Safu sita: namba ya nakala, jina la kitabu, jina na darasa la mwazimaji, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, hali ya kitabu. Namba ya nakala ndiyo husahaulika. Bila hiyo, nakala 10 za kitabu kimoja hazitofautiki na hutajua ni nani aliyerudisha yenye jalada lililochanika. Iandike kwenye ukurasa wa jina la kitabu na ndani ya jalada la nyuma.

Kitabu kikipotea, maktaba nyingi hudai kilekile au chenye thamani sawa. Faini za kila siku hazishauriwi: mtoto aliyechelewa wiki mbili huogopa deni, kitabu hubaki nyumbani, naye harudi maktabani. Wiki moja ya msamaha kila mwisho wa muhula hurudisha vingi.

22. Kitabu kimeachia jalada au kimelowa. Tukirekebisheje?

Usitumie selotepu. Hugeuka manjano, gundi yake husambaa kwenye karatasi, na ukiibandua huondoka na maandishi. Tumia gundi nyeupe ya maji: chovya kijiti chembamba, kizungushe ndani ya uwazi kati ya mgongo na kurasa, futa inayozidi, tia karatasi ya plastiki kati ya jalada na ukurasa ili visigandane, funga, kandamiza kwa vitabu vizito na uache saa 24. Tatizo kubwa ni gundi nyingi mno; kitabu kikikauka hakifunguki.

Kilicholowa kisimamishwe kivulini penye upepo, kurasa zimeachanishwa kidogo kwa karatasi za kunyonya maji zinazobadilishwa kila baada ya saa chache. Jua kali hukunja kurasa. Fanya haraka, kwani kuvu huweza kuanza ndani ya saa 48, na chenye kuvu kisirudi rafuni pamoja na vingine.

## Hali za pekee

23. Mwanachama haoni vizuri, au ana disleksia (ugumu wa kudumu wa kusoma na kutambua maneno). Ashiriki vipi?

Kwa kitabu kilekile katika umbo lingine. Mwenye uoni hafifu huhitaji maandishi ya ukubwa wa pointi 18 au zaidi; asiyeona, Braille (maandishi ya nukta zinazosomwa kwa vidole) au sauti. Kitabu kimoja cha kawaida huwa majuzuu kadhaa ya Braille, kwa hiyo agiza mapema. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaziwezesha nchi wanachama kuruhusu nakala kama hizo bila idhini ya mwenye hakimiliki, kwa watu wenye ulemavu unaowazuia kusoma chapa ya kawaida.

Mwenye disleksia asikilize sauti huku akifuata maandishi kwa kidole. Ukimchapia kitu, tumia herufi zisizo na vikia (vistari vidogo kwenye ncha za herufi), pointi 12 hadi 14, mistari iachane kwa 1.5, na ukingo wa kulia usinyooshwe. Asiombwe kamwe kusoma kwa sauti bila taarifa. Mwambie siku mbili kabla, naye achague kipande.

24. Mzazi amekipinga kitabu. Tufanye nini?

Mwombe aandike: kitabu gani, ukurasa gani, ana wasiwasi gani, na je, amekisoma chote? Wakati jibu linasubiriwa, mtoto wake apewe kitabu kingine cha mada ileile, na wenzake waendelee. Kamati ya watu watatu (mkutubi, mwalimu, mwakilishi wa wazazi) ikisome na kujibu kwa maandishi ndani ya wiki tatu. Mzazi ana kauli juu ya mtoto wake; juu ya watoto wa wengine, iamue kamati. Utaratibu huu uandikwe kabla ya lalamiko la kwanza, kwa maana ukiandikwa siku ya ugomvi utaonekana umemlenga mtu.

25. Tutajuaje kama klabu inafanya kazi?

Angalia mambo matatu kwenye daftari la kuazima: wanachama wanaazima vitabu nje ya vile vya klabu? Vitabu vilivyopendekezwa mwisho wa mkutano vinatoka? Wasio wanachama wanaviulizia? Mahudhurio peke yake hudanganya, hasa mvua ikinyesha.

26. Mlezi anahamishwa. Klabu itaendeleaje?

Muhula mmoja kabla, wanafunzi wawili wa madarasa tofauti waongoze mikutano naye akiwepo, ili mmoja akihitimu mwingine abaki. Faili liachwe maktabani, lisiende nyumbani kwa mtu. Ndani yake: orodha ya vitabu vilivyosomwa na idadi ya nakala, maswali yaliyozaa mjadala mzuri kwa kila kitabu, vitabu vilivyoshindwa na sababu, ratiba, na namba za nakala ambazo bado hazijarudi.